Ni masharti gani yatimizwe kabla ya kurejesha biashara na nchi iliyovamia jirani yake?

Mwanagenzi:
Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa mada kuhusu vikwazo vya kiuchumi na nimekwama mahali pamoja. Maelezo ya namna nchi iliyovamia nyingine inavyowekewa vikwazo ni mengi, lakini ya namna vinavyoondolewa ni haba na mara nyingi yanapingana. Wapo wanaosema kwamba bunduki zikinyamaza biashara irejee, kwa kuwa kuendelea kuibana nchi hiyo ni kuwaadhibu raia wake. Wapo wanaosema isirejee hata kidogo mpaka aliyevamiwa awe amelipwa fidia yote. Nikitazama suala la Urusi na Ukraine naona kila upande una hoja. Je, sheria ya kimataifa inasemaje, na mifano iliyopita inaonyesha nini? Naomba hoja, si ushabiki.

Mizani:
Ndugu Mwanagenzi, anzia kwenye sheria, maana iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Kanuni za uwajibikaji wa mataifa, zilizokamilishwa na Tume ya Sheria ya Kimataifa mwaka 2001, zinamtaka mkosaji akomeshe kitendo chake, atoe hakikisho la kutokirudia pale hali inapodai hivyo, na afidie madhara kikamilifu. Zinasema pia kwamba hatua za kumbana zikome mara anapotimiza wajibu huo, kwa kuwa lengo ni kumrudisha kwenye sheria na si kumkomoa. Hata hivyo, mataifa mengine hayaruhusiwi kuitambua hali iliyopatikana kwa uvamizi, na hilo haliuzwi wala halinunuliwi. Iraq ilipoitangaza Kuwait kuwa sehemu yake, Baraza la Usalama lilitamka kwa Azimio 662 la Agosti 1990 kwamba unyakuzi huo ni batili. Kwa hiyo, mapigano yakisitishwa huku jeshi la mvamizi likiwa bado limekalia ardhi ya mwenzake, hata sharti la kwanza halijatimia.

Karani Mstaafu:
Nakubaliana na Mizani, ila mfano wa Iraq una mengi zaidi ya hilo azimio, na ndio unaojibu swali lako la fidia moja kwa moja.

Baada ya Iraq kufukuzwa Kuwait, Azimio 687 la tarehe 3 Aprili 1991 liliipa orodha ya masharti: kuheshimu mpaka, kurudisha mali ya Kuwait, kuharibu silaha za maangamizi na kukubali dhima ya hasara iliyosababisha. Iliundwa Tume ya Fidia ya Umoja wa Mataifa, yenye makao Geneva, ambayo ilipokea madai ya mamilioni ya watu, kampuni na serikali. Uamuzi wake mmoja naupenda hadi leo: madai ya watu binafsi, wakiwemo waliolazimika kukimbia na waliopoteza jamaa zao, yalitangulizwa mbele ya yale ya kampuni na serikali.

Fedha zilitoka kwenye mafuta ya Iraq yenyewe. Mpango wa mafuta kwa chakula, ulioiruhusu Iraq kuuza mafuta ili kununua mahitaji ya raia, ulipoanza kutekelezwa Desemba 1996, asilimia 30 ya mapato ilikwenda kwenye mfuko wa fidia. Mwaka 2000 kiwango kilishushwa hadi asilimia 25. Vikwazo vya biashara vilipofutwa kwa Azimio 1483 la Mei 2003, mfuko haukufutwa pamoja navyo, bali uliendelea kupata asilimia 5. Malipo ya mwisho yalifanyika Januari 2022, na jumla ikawa dola bilioni 52.4. Kwa maneno mengine, biashara ilirudi karibu miaka 19 kabla ya fidia kumalizika, na biashara hiyo ndiyo iliyolipa sehemu yake kubwa. Mdeni uliyemfungia duka utamdai kwa fedha ipi?

Upande wa aibu nao upo. Viongozi wa Marekani walitamka hadharani kwamba vikwazo havingeondolewa maadamu Saddam Hussein yuko madarakani, ilhali azimio halikuandika sharti hilo. Serikali ikishajua kwamba hata ikitii haitapata nafuu, haina sababu ya kutii, na raia waliobeba uzito wa miaka ile hawakuwa na sauti katika jambo hilo.

Upepo wa Kusi:
Ndugu Karani, duka unalolisema linafunguliwa na nani, na mvamizi akiwa wapi? Iraq ilikuwa imeshindwa vitani na haikuwa na la kusema. Tazama hali ambapo mvamizi hajashindwa. Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, liliiwekea Italia vikwazo Novemba 1935 kwa kuivamia Ethiopia, na hata mafuta ya petroli hayakuguswa. Addis Ababa ikatekwa Mei 1936, na kufikia tarehe 15 Julai vikwazo vikaondolewa. Italia haikutimiza sharti lolote. Ilisubiri tu wengine wachoke.

Hofu yangu kuhusu Urusi ni hiyohiyo. Akiba ya Benki Kuu yake yenye thamani ya takribani dola bilioni 300 ilizuiwa mwaka 2022, na sehemu kubwa iko Euroclear, taasisi ya kutunza dhamana za kifedha iliyoko Brussels. Nchi za G7, yaani kundi la nchi saba tajiri, zilisema akiba hiyo haitaachiwa mpaka Urusi ilipe uharibifu iliousababisha, na Juni 2024 zikakubaliana kuikopesha Ukraine dola bilioni 50 zitakazolipwa kwa faida inayotokana na fedha hizo. Makadirio ya Februari 2025, yaliyotolewa na serikali ya Ukraine, Benki ya Dunia, Umoja wa Ulaya na Umoja wa Mataifa, yalitaja dola bilioni 524 kuwa gharama ya ujenzi mpya kwa miaka kumi. Akiba hiyo ikirudishwa kwa ahadi ya kusitisha mapigano tu, Ukraine itabaki na daftari la madai lililofunguliwa The Hague, bila mfuko wa kuyalipa.

Mizani:
Hofu ya Upepo wa Kusi ni halali, na ndiyo sababu ya kutofautisha kusimamisha vikwazo na kuvifuta. Yugoslavia ya kiongozi wa Serbia, Slobodan Milošević, iliyobanwa kwa sababu ya vita vya Bosnia, ilisimamishiwa vikwazo kwa Azimio 1022 la Novemba 1995, baada ya makubaliano ya Dayton ya kumaliza vita hivyo. Havikufutwa hadi Oktoba 1996, uchaguzi wa Bosnia ulipokwisha kufanyika. Hata hapo Marekani iliendelea kuizuia nchi hiyo isiingie katika Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, ikidai pamoja na mengine ushirikiano na mahakama ya The Hague iliyoshughulikia uhalifu wa kivita wa Yugoslavia. Tarehe 28 Juni 2001 Milošević alikabidhiwa kwa mahakama hiyo, na siku iliyofuata wafadhili walikutana Brussels na kuahidi zaidi ya dola bilioni moja. Kila sharti lilikuwa na kufuli lake. Akiba iliyozuiwa ifungwe kwa fidia, teknolojia ya kijeshi kwa hakikisho la kutorudia, na bidhaa za kawaida kwa kuondoka kwa majeshi.

Mwanagenzi:
Nashukuru sana. Je, funguo za makufuli hayo ziko mikononi mwa nani? Urusi ina kura ya turufu katika Baraza la Usalama.

Karani Mstaafu:
Ndiyo maana hakuna azimio la Baraza la kulifuta. Vikwazo vikuu vya kiuchumi vya Umoja wa Ulaya huhuishwa kila miezi sita kwa kauli moja ya nchi zote 27, hivyo nchi moja ikikataa, vinaweza kufa bila mvamizi kutimiza lolote. Marekani tatizo ni kinyume chake: sharti la biashara lililowekwa mwaka 1974 kwa ajili ya uhuru wa raia wa Kisovieti kuhama liliendelea kuihusu Urusi hadi 2012, miaka mingi baada ya mipaka kufunguliwa.

Na wanunuzi je? Mwaka 2021 takribani asilimia 45 ya gesi iliyoagizwa na Umoja wa Ulaya ilitoka Urusi, na sasa Umoja huo umepanga kuachana nayo kufikia 2027. Serikali inaweza kufuta katazo kwa saini moja. Haiwezi kumwamuru mnunuzi aliyekwisha kujenga bandari ya kupokelea gesi ya kwingine arudi kwa muuzaji wa zamani, hata kama muuzaji huyo ametimiza masharti yote.