Mfinyanzi wenye changarawe kwenye ngazi kavu za malisho: nusu mwezi, mistari ya mawe au ripa?

Mchunga_Korongo: Wakuu, naomba ulinganisho kutoka kwa wanaojua. Eneo ni la malisho, upande wa Kajiado, ngazi mbili za ardhi juu ya mto wa msimu. Mteremko ni kati ya asilimia 1 na 2. Juu kumetapakaa changarawe, chini yake ni mfinyanzi mwekundu mgumu. Nyasi zimebaki chini ya vichaka tu, kwingine ni upara. Mvua ikipiga, maji yanaishia korongoni muda si muda. Nimeshauriwa njia tatu: nusu mwezi (matuta ya udongo ya nusu duara yanayokinga maji), mistari ya mawe, au kupasua ardhi kwa trekta yenye ripa (jino la chuma linalochana udongo bila kuupindua). Mawe makubwa yapo korongoni, kama mita 300. Lipi kwanza?

Mpima_Udongo: Kwanza shimo, mkuu. "Mfinyanzi wenye changarawe" bado haitoshi kuchagua njia.

Chimba sentimita 30 kwa 30, kina 30. Hizo ni lita 27. Udongo wote uweke juu ya turubai, loweka usiku mzima, kisha uoshe kwenye chekeche la milimita 2. Kinachobaki ndicho changarawe. Kitie kwenye ndoo iliyojaa maji hadi ukingoni na upime maji yanayomwagika. Yakiwa lita 9 na nusu, changarawe ni asilimia 35 ya ujazo. Kuanzia 15 hadi 35 udongo unaitwa wenye changarawe. Kati ya 35 na 60 ni wenye changarawe nyingi, na hapo mambo hubadilika.

Halafu finyanga udongo uliochujwa kwa dakika mbili kamili, usifanye haraka. Udongo mwekundu una vipunje vinavyojifanya mchanga mpaka uvivunje kwa vidole. Usukume utepe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukipita sentimita 5 bila kukatika, ni mfinyanzi. Wengi hukosea kwa kufinyanga pamoja na mawe, wakahisi mkwaruzo, wakaandika "kichanga".

Tazama pia mfinyanzi unaanzia kina gani, na kama chini kuna tabaka jeupe la chokaa. Tone la siki litatoa povu kama ni chokaa.

Fundi_Pimamaji: Mpima amesema kweli, ila mwenzetu kaomba ulinganisho, tumpe basi.

Kwa mteremko wa asilimia 1, mimi ni wa nusu mwezi. Nusu kipenyo mita 6, tuta lenye urefu wa karibu mita 19, kimo sentimita 25, ncha zote mbili zikiwa kwenye kontua moja (mstari wa usawa mmoja wa ardhi). Zinaingia 73 kwa hekta zikipangwa kwa kupishana. Kila moja inahitaji udongo wa takriban mita za ujazo 2.4, na hapo ndipo changarawe inapokula nguvu: koleo peke yake haliingii, utatumia sururu na mtaimbo. Chimba siku chache baada ya mvua, mfinyanzi ukiwa na unyevu lakini haunati.

Kinachobomoa nusu mwezi nyingi ni ncha. Fanya hesabu: mfinyanzi ulio wazi hunywa milimita 1 hadi 5 kwa saa. Ikinyesha milimita 30 ndani ya saa moja, 25 zinabaki juu. Eneo la kukusanyia maji ni kama mita za mraba 80 kwa kila nusu mwezi, na ndani ni 57, kwa hiyo inaletewa karibu mita za ujazo 3.4. Kwa mteremko wa asilimia 1, inashika 1.4 tu kabla maji hayajafika kwenye ncha. Kwa hiyo yatapita nchani, upende usipende. Tandaza hapo mawe ya ukubwa wa ngumi, mita moja na nusu kila upande. Usijaribu kuinua tuta ili yasipite. Yatapasua katikati, na nusu mwezi ya safu ya chini itapokea mzigo wote.

Mawe_Kwanza: Fundi, na maji yakisimama ndani ya nusu mwezi kwenye mfinyanzi? Mteremko wa asilimia 2 unakupa kina cha sentimita 12 pale chini. Udongo ukinywa milimita 2 kwa saa, hizo ni saa 60. Miche ya nyasi za Cenchrus ciliaris haistahimili kusimama majini hivyo. Ndiyo maana tunaona nusu mwezi nyingi zenye nyasi nzuri ukingoni na tope tupu katikati.

Mistari ya mawe haina shida hiyo, maana haizuii maji, inayapunguza mwendo. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 5 hadi 10, upana 40, panga mawe hadi kimo cha 25. Makubwa yakae chini na upande wa mteremkoni, madogo yajaze mianya upande wa juu. Changarawe ya hapo hapo ndiyo kichujio. Ukiweka makubwa matupu, maji hupenya kwa kasi kwenye mianya na kuchimba shimo nyuma ya mstari. Nafasi ni mita 20 kama mteremko haufiki asilimia 1, mita 15 kati ya 1 na 2.

Ubaya nausema mwenyewe: mzigo. Kwa nafasi ya mita 15 ni kama mita 667 za mstari kwa hekta, takriban mita za ujazo 33 za mawe. Lori la mita 5 litakwenda safari saba. Hizo mita 300 za korongo ni baraka kubwa. Zingekuwa kilomita 5 nisingekushauri.

Fundi_Pimamaji: Hoja ya maji kusimama naikubali kwa nusu mwezi ambayo ndani imeachwa na ukoko (gamba gumu la juu ya udongo). Kwatua ndani sentimita 10 hadi 15 kwa sururu kabla ya kupanda. Na mbegu usizitupe pale chini kabisa. Anzia ubavuni mwa tuta upande wa ndani, kisha panda kuelekea juu.

Meno_ya_Ripa: Ripa ina mahali pake jamani. Udongo ukiwa mkavu kabisa, jino moja linapita kina cha 30 hadi 40 na kuvunja mfinyanzi vipande kushoto na kulia. Ukiwa mbichi jino linakata kama kisu kwenye siagi, kuta zinabaki laini, na mvua ya pili inaziba mkato wote. Changarawe ikizidi asilimia 35, hesabu gharama ya ncha za meno, zinaisha upesi. Chokaa laini inapasuka. Iliyokuwa mwamba itakurushia jino juu, usibishane nayo.

Sharti kubwa ni kontua. Dereva akinyoosha mstari kwa macho, mkato unageuka mfereji na baada ya misimu miwili una korongo jipya. Weka vigingi kila mita 10 kwa kamba na pimamaji kabla trekta haijafika.

Mama_Mbegu: Kuna jambo mmelipita. Changarawe iliyolala huru juu ya udongo ni kinga: inapokea kishindo cha matone na kuacha maji yazame. Iliyozama ndani ya ukoko hufanya kinyume, inaongeza maji yanayokimbia. Ing'oe moja kwa kidole. Ikitoka na gamba la udongo chini yake, hapo ukoko ndio tatizo lako. Ikiinuka bure na chini pana ubichi, usiikusanye kwa ajili ya kupendezesha shamba!

Na msiione changarawe kama hasara tupu. Ni kweli inapunguza ghala: sentimita 50 za mfinyanzi zinaweza kuhifadhi milimita 75 za maji yanayofaa mmea, na changarawe ikiwa asilimia 38 zinabaki kama 47. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, mvua ndogo inafika chini zaidi, mbali na jua. Nyasi zenye mizizi mirefu zinanufaika.

Mbegu: Cenchrus ciliaris, Enteropogon macrostachyus na Eragrostis superba, zichanganywe, kilo 5 kwa hekta ya eneo linalopandwa. Ukipanda ndani ya nusu mwezi tu, ni kama gramu 29 kwa kila moja, kilo 2 kwa zote 73. Changanya na mchanga mkavu zisipeperuke, funika sentimita 1, si zaidi. Mbegu mpya ya Cenchrus hulala, ihifadhi miezi kadhaa kwanza. Panda kabla ya mvua za Oktoba, na mifugo isiingie mpaka nyasi zidondoshe mbegu. Ng'ombe kwenye mfinyanzi uliolowa watavunja tuta na kukandika udongo upya.

Mpima_Udongo: Nyongeza kwa wote. Chukua donge kavu la ukubwa wa punje ya mahindi, liweke kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Angalia baada ya dakika 10, saa 2, na kesho yake. Likibomoka vipande tu, si neno. Likizungukwa na wingu la maziwa, udongo unatawanyika, mara nyingi ni kwa sababu ya sodiamu. Usitumie maji ya kisima cha kuchimba, chumvi yake inalificha hilo wingu.

Mchunga_Korongo: Majibu haya hapa. Ngazi ya juu: changarawe asilimia 38, utepe sentimita 6, mfinyanzi unaanza kwenye kina cha sentimita 12, chokaa ngumu kwenye 55, donge halina wingu. Ngazi ya chini: changarawe 12, utepe 7, donge la kutoka sentimita 20 limetoa wingu ndani ya dakika 10. Donge la udongo wa juu kabisa hapo halina.

Meno_ya_Ripa: Chini usilete ripa. Itapandisha huo udongo wa wingu juu na utapata ukoko mgumu kuliko uliopo. Ngazi ya juu inawezekana, ila kwa asilimia 38 utalipia meno.

Fundi_Pimamaji: Juu nusu mwezi, na udongo wa tuta usitoke chini ya sentimita 30. Mfereji mpana wenye kina kifupi ni bora kuliko shimo.

Mawe_Kwanza: Chini mistari ya mawe, mfereji sentimita 5 tu ili usiguse tabaka baya. Tandaza matawi ya miiba kwenye upara kati ya mistari. Yatashika mbegu na kuwazuia mbuzi.

Mpima_Udongo: Na jasi (ya kutibu udongo wenye sodiamu) usinunue bado. Peleka sampuli ya sentimita 20 hadi 40 maabara, waambie wapime sodiamu inayobadilishika (ile iliyoshikwa na chembe za mfinyanzi). Ikiwa chini ya asilimia 15, mawe na nyasi vianze kazi kwanza. Ikizidi, maabara ndiyo itakayokwambia tani ngapi kwa hekta.