Mjadala: Mashua za Lamu zifungwe mitambo ya kuonekana baharini? Na taarifa zake zishikwe na nani?

Mleta hoja (Mokowe)

Assalaam alaykum wote, wa bara na wa visiwani. Naleta hoja tuichambue bila matusi. Je, serikali iingie ubia na makampuni ya teknolojia ili mashua, majahazi na boti zetu za abiria na za uvuvi zifungwe mitambo ya kumwonyesha nahodha kilicho karibu naye baharini? Nazungumzia rada ndogo, kamera za usiku, na zaidi ya yote AIS, ule mtambo unaotangaza kwa mawimbi ya redio ya VHF jina la chombo, mahali kilipo, kinakoelekea na mwendo wake.

Kwa nini nauliza? Tarehe 20 Mei 2021 gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa kule Magogoni. Meli zinazokuja huko huingia ghuba ya Manda zikipita baina ya Manda na Pate. Boti ya Faza nayo ikishatoka Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, kwenda Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate, haina budi kuikata njia hiyo. Na kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za 1972, hazikutuonea haya: chombo cha chini ya mita 20, au chombo cha tanga, kisiizuie meli ambayo haiwezi kupita salama ila ndani ya mlango mwembamba. Maana yake wa kukwepa ni sisi. Mchana wa kaskazi bahari ikiwa shwari, hilo si tabu. Mvua ya kusi ikishuka, huoni hata mkono wako.

Meli kubwa za safari za kimataifa, za tani 300 kwenda juu, zililazimishwa kuwa na AIS tangu mwisho wa 2004. Sisi hatumo. Na msijidanganye kwamba rada yao inatuona vizuri: mbao na tanga hurudisha mawimbi ya rada kidogo mno, na bahari ikichafuka mashua hupotea katikati ya mawimbi kwenye skrini.

Wenzetu wameshajaribu ubia wa namna hii. Desemba 2018, kule Finland, kivuko kiitwacho Falco kilijiongoza chenyewe kutoka Parainen hadi Nauvo kwa kutumia kamera, rada na kompyuta, na safari ya kurudi kikaendeshwa na nahodha aliyeketi ofisini mjini Turku, kilomita 50 hivi kutoka pale. Kivuko ni cha Finferries, kampuni ya serikali yao, na ujuzi ulikuwa wa Rolls-Royce. Sisemi tutake mashua isiyo na nahodha, Mungu apishe mbali. Nasema upande mmoja ulitoa chombo na njia, mwingine ukatoa maarifa, kazi ikafanyika.

Msimamo wangu ni ndiyo, kwa sharti moja: kifaa kitakachoiwezesha meli kutuona kituwezeshe na sisi kuiona meli. Kifaa cha kututangaza tu, skrini ikae kwa watu wengine, hicho sikitaki.

Mvuvi wa Kizingitini

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu wa Mokowe, umeandika vizuri lakini umeandika ukiwa nchi kavu.

Sisi tulizuiwa kuvua usiku kwa miaka, tukaambiwa ni kwa ajili ya usalama. Sikatai kwamba hatari ilikuwepo. Kambi ya jeshi ya Manda ilishambuliwa Januari 2020, tuliisikia sote. Lakini ni nani aliyelala njaa kwa ajili ya usalama huo? Sasa unataka nifunge kwenye mashua yangu kitu kinachosema nipo wapi kila nusu dakika. Siku nikisukumwa na mkondo nikavuka mstari nisioujua, ofisa ameketi na simu yake, ananingoja gatini.

Na kuna jingine ambalo watu wa ofisini hawalifikirii. Mahali wanapopatikana kamba ni mali ya mtu. Mimi nina vipwa vyangu, ile miamba inayotokeza maji yakipwa, nilivyoonyeshwa na marehemu babangu, na sijamwambia hata mkwe wangu. Mtambo huu utaviweka kwenye ramani kwa wiki moja tu, halafu aje mwenye meli ya kukokota nyavu avikombe. Hiyo ndiyo teknolojia ya kuniokoa?

Kesi ya bandari mnaikumbuka. Mahakama Kuu mwaka 2018 iliamua wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na baada ya hukumu bado tuliendelea kuzungushwa. Kwa hiyo mtu akiniambia "serikali na kampuni wameshirikiana", nauliza kwanza: wameshirikiana dhidi ya nani?

Fundi wa simu na redio, Langoni

Niingilie kidogo upande wa mtambo, maana naona mambo mawili yanachanganywa.

AIS si setelaiti ya serikali. Ni redio. Chombo kinapata mahali kilipo kwa GPS, kisha kinajitangaza hewani, na yeyote mwenye kipokezi aliye karibu anasikia. Tangazo hilo halina msimbo wa siri. Ya meli kubwa hutangaza kwa wati 12.5, kila sekunde chache ikiwa mwendoni. Ile ndogo ya kawaida ya vyombo vidogo hutangaza kwa wati 2, kila sekunde 30 ikishapita mwendo wa noti 2, kipimo cha mwendo wa baharini. Haihitaji mtandao wa simu wala malipo ya mwezi. Inataka antena juu ya mlingoti, betri ya volti 12 na sola ya kuichaji. Antena ikiwa chini, wanakusikia wa karibu tu.

Kwa hiyo, ami wa Kizingitini, hofu yako ina msingi kabisa. Si ofisa peke yake atakayekuona, hata mvuvi mwenzako akinunua kipokezi atakuona. Lakini kuna njia ya katikati: kipokezi kisichotangaza. Wewe unaiona meli, jina lake, inakoelekea, na wewe huonekani na mtu. Au mtambo wenye swichi: unauwasha ukikata njia ya meli, unauzima ukifika kwenye vipwa vyako. Ni suala la kifaa gani kinanunuliwa, na mnunuzi akiwa mtu asiyejua kuvua atanunua kile cha kukufuata tu. Vipo vya namna hiyo, kisanduku kimefungwa kwa rivet, hakina skrini wala kitufe, kinatuma habari zako kwa setelaiti. Hicho hakimsaidii nahodha kuona chochote.

Mama wa Faza

Nyinyi wanaume mnabishana kuhusu kamba. Mimi niwape habari ya abiria.

Mtu akishikwa na uchungu Faza na ikaamuliwa apelekwe hospitali ya Amu, mjini Lamu, haulizwi kama ni usiku au mchana, wala kama maji yamejaa au yamepwa. Nilimsindikiza mke wa mdogo wangu namna hiyo. Boti ya faiba, injini moja, mgonjwa amelazwa juu ya godoro, na sisi tumeinua turubali kumkinga na maji. Sasa sikilizeni: turubali likishainuliwa, nahodha aliyeko tezi, nyuma, haoni mbele! Anachungulia kwa pembeni, na kijana mmoja amekaa omo, mbele, na tochi ya simu akipiga kelele, "Kulia! Kulia kidogo!" Ndivyo tunavyosafiri. Hata mchana boti za abiria ni hivyohivyo, kusi ikivuma kila mtu anavuta turubali upande wake.

Kwa hiyo huyo anayesema mtambo ni wa kumwinda mvuvi, sawa, asifungiwe yeye. Afungiwe huyu anayebeba watu thelathini na watoto. Lakini skrini yenyewe itakaa wapi? Ikiwekwa mbele, nahodha yuko nyuma. Ikiwekwa nyuma, italowa. Mhandisi anayekuja na boti yake nzuri yenye kibanda cha vioo apande kwanza ya Mtangawanda mwezi wa Juni, ndipo achore.

Na majaketi ya kuokolea! Kuna mradi ulileta majaketi kwetu, yakafungiwa stoo mpaka panya wakayatoboa. Nani alikuwa na ufunguo, hajulikani hadi leo.

Nahodha mstaafu, Pate

Wanangu, meli nimezikwepa miaka yangu yote kwa mato haya. Meli utaiona taa zake, utaisikia. Kinachovunja vyombo hapa kwetu ni fungu la mchanga na mwamba. Mkanda wenyewe maji yakipwa kina hupungua. Usipofika kwa wakati, huenda ukakaa hapo mpaka yajae, au uzunguke Manda kwa nje, na kusi hiyo nje si ya mchezo. Fungu nalo huhama. Mtambo wa Ulaya unajua kwamba fungu lilihama mwaka jana? Ramani iliyo ndani yake imepimwa lini?

Nataka Mkanda uwe na kina cha kutosha, na maboya yenye taa yawekwe na yatunzwe. Boya likizimika taa mwaka mzima, hata uwe na kompyuta kumi.

Mwenye boti ya watalii, Shela

Maboya kwanza. Naungana na nahodha.

Fundi wa simu na redio, Langoni

Nahodha, kwa heshima zote, kuhusu kupima kina ndipo mashine inashinda macho. Kipimasauti kidogo chini ya boti kinapiga sauti majini na kuhesabu inarudi baada ya muda gani. Boti ishirini zinazopita Mkanda kila siku zikiwa nacho, na vipimo vikikusanywa pamoja na wakati wa maji kujaa, fungu likihama itajulikana wiki hiyohiyo. Huo ndio ubia ambao mimi ningeuunga mkono bila kusita: kampuni ilete vipimasauti na programu, serikali itoe hesabu za maji na iweke maboya mahali mlango ulipohamia, nyinyi manahodha mseme kama ramani ni ya kweli.

Na kuna jambo la bei ya bati. Kiakisi cha rada ni vipande vitatu vya bati vilivyounganishwa kwa pembe za mraba. Fundi yeyote hapa anaweza kukikata asubuhi na kikawa juu ya mlingoti alasiri. Hakitumii betri, hakisemi jina lako, lakini nahodha wa meli anaona alama kwenye rada yake. Nashangaa hili halijafanywa.

Mtumishi wa umma, Hindi (Lamu bara)

Nafanya kazi serikalini, ingawa si idara ya bahari, kwa hiyo haya ni maoni yangu. Tatizo la serikali kununua peke yake mnalijua: kifaa kinakuja, bajeti ya betri haiji. Tatizo la kampuni peke yake ni kwamba mwaka wa pili itaanza kudai malipo ya programu, na asiyelipa anazimiwa akiwa katikati ya bahari. Ubia unaweza kuziba matundu yote mawili, au ukayafanya kuwa moja kubwa. Yote yako kwenye mkataba.

Tuna Mamlaka ya Safari za Baharini, KMA, inayosimamia usalama wa vyombo. Tuna Walinzi wa Pwani walioundwa kwa sheria ya 2018. Tuna BMU, zile kamati za wavuvi za kusimamia ufuo, kila gati. Tuna pia Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na njia anayopita mtu kila siku, ikifungamanishwa na jina lake, ni taarifa yake binafsi. Kwa hiyo mkataba useme waziwazi: taarifa za mwendo zinatunzwa siku ngapi, anayeweza kuziomba ni nani, na kwa idhini ya nani. Mvuvi wa Kizingitini asiambiwe "tuamini".

Mleta hoja (Mokowe)

Nimewasikia. Naona nilianza na wavuvi pamoja na abiria kana kwamba ni kitu kimoja, na Mama wa Faza ameshawatenganisha vizuri kuliko nilivyoweza.

Hoja ninayoipeleka kwenye kikao cha BMU ni hii. Boti za abiria za njia ya Mtangawanda, Faza na Kizingitini zianze, kwa AIS ya kutangaza na kupokea, tena iwe na mlio wa onyo ambao nahodha atausikia hata turubali likiwa limeinuliwa. Nasisitiza mlio, maana skrini hapo haina maana. Vipimasauti vya Mkanda viende sambamba na maboya. Wakileta kimoja bila kingine turudishe. Vyombo vya uvuvi vipewe viakisi vya bati na, kwa atakaye, kipokezi kisichotangaza. Kutangaza kwa mvuvi kuwe hiari, na swichi iwe mkononi mwake.

Kwa nahodha wa Pate: sikubaliani kwamba macho yanatosha. Hizo kanuni za 1972 zenyewe zinataka chombo kiangalie kwa macho, kwa masikio na kwa kila njia inayofaa iliyopo. Macho ndiyo ya kwanza, lakini hayakuachiwa kazi peke yake.

Mvuvi wa Kizingitini

Hapo kwenye swichi tumekaribiana. Hatujafika.

Swichi iliyo mkononi mwangu leo, kesho itatoka barua kwamba bila kuiwasha hakuna leseni ya uvuvi. Iandikwe kwamba haitafungamanishwa na leseni. Na mkataba huo usomwe Kizingitini, kwa Kiswahili, siku ya maji mafu ambapo watu hawajaenda baharini. Usisomwe hotelini Mombasa halafu tuletewe karatasi ya kutia dole gumba.

Mama wa Faza

Na Faza pia. Na safari hii ufunguo wa stoo ashike mwanamke.