Kituo cha wanyama kimefurika: michango ya majirani ianzie wapi?

mlezi_wa_zamu
Habari wadau. Kituo chetu cha mbwa na paka wanaotafutiwa makao kina vizimba 30 na wanyama 44. Mbwa wanalala wawiliwawili, paka wameanza kupiga chafya. Majirani wako tayari kuchanga tuongeze vizimba. Je, ndiyo njia sahihi?

daktari_mifugo
Vizimba visubiri. Wanyama mlio nao ni wanaoingia kwa siku mara siku anazokaa kila mmoja. Wakiingia 2 kwa siku na kila mmoja akakaa siku 22, mtakuwa na 44 siku zote. Ukaaji ukishuka hadi siku 14 mtabaki na 28, nao wanaenea mlipo. Msipogusa siku hizo, vizimba vipya vitajaa kama vya zamani.

Pekueni daftari muone siku zinapotelea wapi. Mara nyingi mnyama ana afya, ila anangoja chanjo, kuhasiwa au hata picha ya tangazo la kumtafutia makao. Michango ilipie siku ya ziada ya daktari kila wiki. Kitoto cha paka chenye afya kinaweza kuhasiwa au kufungwa kizazi kuanzia wiki 8, kikifika kilo 1. Chanjo za msingi zitolewe mnyama anapopokelewa, maana ugonjwa haungoji zamu yake.

Chafya za paka: msongo huamsha virusi vya mafua vilivyojificha mwilini. Kila paka apate boksi la kujificha, na usafi ufanyike akiwa kizimbani mwake badala ya kumhamishahamisha.

chupa_na_taulo
Naongezea: vitoto vinavyonyonya viondoke kituoni leo hii, viende kwa majirani walezi wa muda. Kila mlezi apewe chupa ya maji ya moto, taulo la kuifungia, maziwa ya unga ya vitoto vya paka na mizani ya jikoni. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha.

Kitoto kilichopoa kisilishwe. Kipashwe joto kwanza, la sivyo maziwa hayasagiki tumboni. Kinyonye kikiwa kifudifudi, kwa sababu kikilazwa chali maziwa huingia mapafuni na kukiua. Baada ya kushiba, kipanguswe nyuma kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ili kikojoe; bado hakiwezi chenyewe. Kipimwe kila siku, na uzito usipopanda mlezi ampigie daktari bila kusubiri kesho.

fagio_safi
Hesabuni na mikono. Kulisha na kusafishia mnyama mmoja huchukua takribani dakika 15 kwa siku, hivyo 44 ni saa 11 za kazi. Pangeni zamu za wanaojitolea mkijua hilo. Waanze na vitoto vyenye afya, kisha wanyama wakubwa wenye afya, wagonjwa mwisho, na asirudi nyuma mtu aliyeshika wagonjwa.

Kwa parvo (virusi hatari vinavyoharisha mbwa), kinyesi kiondolewe, paoshwe kwa sabuni na kusuuzwa, ndipo ipakwe klorini ya asilimia 5, mililita 30 kwa lita 1 ya maji. Iache dakika 10. Ikimwagwa juu ya uchafu inaisha nguvu, na hapo ndipo vituo vingi hukosea.

mlezi_wa_zamu
Asanteni sana. Na anayetuletea mbwa tukiwa tumejaa?

daktari_mifugo
Mpeni miadi, kama si dharura, na mumuulize sababu. Akikosa chakula, mpeni chakula. Akichoshwa na watoto wa mbwa kila mara, mfungieni jike kizazi, kisha arudi naye nyumbani.