Bondia mfupi na mitindo ya zamani: ajikinge kwa bega au ainame?

Kona Nyekundu: Wakuu, habarini. Nina kijana ninayemfundisha, kilo 66, kimo sm 168. Wapinzani wake wengi wanamzidi sm 8 hadi 10. Kaupenda mtindo wa zamani wa kujikinga kwa bega: mkono wa kushoto chini usawa wa mkanda, wa kulia kidevuni. Kwenye sparingi (pambano la mazoezi) anakula sana makonde ya paji la uso. Kosa ni lake au la mtindo?

Mzee wa Glavu: Mkuu, kosa ni vipimo. Bega linafanya kazi konde la kulia likija usawa wake: unageuza kiwiliwili, uzito unahamia mguu wa nyuma, kidevu kinazama, konde linateleza. Likitoka juu, linapita juu ya bega na kutua usoni. Tena ukiegemea nyuma unaongeza umbali, na mkono mfupi haufiki kujibu. Floyd Mayweather, bingwa wa mtindo huu wa bega, ana kimo cha sm 173 tu, lakini mikono yake ikinyooshwa ni sm 183. Mpime kijana, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kama urefu huo hauzidi kimo chake, asijibu mashambulizi kwa kuegemea nyuma.

Raundi ya 12: Nakubali nusu. James Toney, sm 178, alimmaliza Evander Holyfield wa sm 189 raundi ya 9 mwaka 2003, na bega lilelile. Ila alikaa kifua kwa kifua, ambako mkono mrefu haupati nafasi ya kunyooka. Kwa hiyo mtindo asiutupe, autumie akishaingia. Kazi ngumu ni kuingia.

Kwa kuingia, Jack Dempsey bado ni mwalimu. Tarehe 4 Julai 1919, pale Toledo, alimwangusha Jess Willard mara saba raundi ya kwanza, na Willard alimzidi zaidi ya sm 10. Hatua yake: uzito uwe mguu wa mbele, usirudishe mkono nyuma kwanza, inua mguu huo kidogo tu na uache mwili uanguke mbele. Konde lifike kabla unyayo haujakanyaga. Unyayo ukitangulia, uzito unaishia sakafuni na linalobaki ni nguvu ya mkono peke yake. Vijana wengi hukosea hapo, wanaruka badala ya kuanguka.

Mzee wa Glavu: Sawa kabisa. Ongeza kuinama kwa magoti, si kwa kiuno. Joe Frazier alimfikia Ali hivyo mwaka 1971: kichwa chini upande wa kushoto, kisha huku (hook, konde la kuzungusha) ya kushoto ikipanda pamoja na miguu. Lakini angalia pambano la Kingston, Jamaica, Januari 1973. George Foreman alimsukuma mabegani akavunja mwendo wake, akapiga apakati (konde la kutoka chini kwenda juu), Frazier akaanguka mara sita ndani ya raundi mbili. Anayeinama akienda mstari ulionyooka, mrefu mwenye nguvu anajua kichwa kitakuwa wapi.

Kona Nyekundu: Nimfanyishe zoezi gani?

Raundi ya 12: Funga kamba kuvuka ulingo, usawa wa mabega yake. Apite chini yake kwa magoti, kushoto na kulia, macho yakiwa kifuani kwa mpinzani. Kila akitokeza upande mmoja apige konde moja la mwili kabla ya kuzama tena. Akianza kutazama sakafu, simamisha zoezi, maana hapo ndipo apakati inapompata. Raundi tatu za dakika mbili zinatosha kuanzia.