Leseni ya bwawa la umeme inaisha huku nilipo, nimeambiwa nikaongee mkutanoni kwa niaba ya jamii. Niende au nikaushe?

Mvuvi wa Baridi:
Habari za humu wakuu. Nipo Marekani, jimbo la Maine, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ila kwetu Uvira, Kongo, kwa hiyo samaki kwangu sio starehe, ni malezi. Hapa mjini (mji sitautaja) kuna mto na kuna bwawa la umeme la zamani, chini yake ndo tunavuaga wikiendi, Wakongo, Wasomali Bantu, Warundi na wazee wachache wa kizungu. Sasa leseni ya bwawa inaisha na mwenye nalo anaomba nyingine, na leseni zenyewe ni miaka 30 mpaka 50, yaani mpaka iishe mwanangu wa chekechea ana mvi. Kuna mkutano wa wananchi kutoa maoni kuhusu mazingira. Dada mmoja wa hao washauri waliokodiwa na mwenye bwawa kaniomba nisimame niongee kwa niaba ya watu wetu maana kingereza changu kinaeleweka. Shida ni kwamba ukishatoa maoni yanawekwa mtandaoni na jina lako, na mimi nimeomba uraia nasubiri usaili. Niende au nikaushe? Matusi sitaki, nina presha.

Kapuku Mstaafu:
Uzi wa samaki hauna picha ya samaki. Haya.

Bi Mkubwa wa Korogwe:
Mwanangu kaa kimya. Uraia hujapewa unaenda kubishana na serikali ya watu? Mpwa wangu yuko Houston alijifanya mwanaharakati wa mambo ya kodi ya nyumba, mwenye nyumba akamtimulia vitu nje mvua inanyesha. Ugenini mtu anakula anashukuru.

Fundi Turbaini:
Mama shikamoo, ila hapo hamna kubishana na serikali. Leseni hizo zinatolewa na tume ya shirikisho inaitwa FERC, na sheria yao toka 1986 inawalazimisha wapime samaki, wanyama na burudani za watu kwa uzito ule ule wa umeme. Mwenye bwawa anatakiwa atangaze nia miaka 5 kabla leseni haijaisha na maombi yenyewe ayapeleke miaka 2 kabla, hapo katikati ndo tafiti na mikutano. Mtu yeyote anatoa maoni, haijalishi raia au la. Ila mkuu elewa kitu kimoja, kutoa maoni tu hakukufanyi uwe mhusika wa shauri. Ukitaka baadae uwe na haki ya kupinga uamuzi ndani ya siku 30 na kwenda mahakamani lazima uombe rasmi kuingia kwenye shauri. Na msidhani ni maigizo, hapo hapo Maine kulikuwa na bwawa la Edwards mto Kennebec pale Augusta, limekaa toka 1837, mwaka 1997 FERC wakakataa kuongeza leseni, 1999 likabomolewa na samaki wakarudi kupanda mto.

Mtoto wa Kidatu:
Fundi kanikumbusha Kihansi. Mradi wa umeme wa maji wa megawati 180 hapa Tanzania, ujenzi ushaanza ndo watafiti mwaka 1996 wanakuta chura mdogo kama ukucha anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, hayupo kwingine duniani. Maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakaisha, chura nao wakaisha, waliobaki ni wale waliopelekwa bustani ya wanyama ya Bronx huko New York kulelewa. Leo wamerudishwa na kuwekewa mabomba ya kuwanyunyizia. Watu walicheka sana chura kupanda ndege, ila kama tathmini ingetangulia zege si tungemaliza mapema?

Halafu hiyo mikutano ya maoni naijua. Kijijini kwetu walikuja na mradi wao (siutaji), tukapewa soda, tukasaini mahudhurio ili tupate posho. Baadae ile karatasi ya mahudhurio tunaikuta kwenye ripoti kama kiambatanisho, eti wananchi wameridhia. Babu yangu yumo, na siku ile alifuata soda tu.

Mvuvi wa Baridi:
Hiyo ya posho sio sawa na kwetu. Huku hamna posho.

Wakili wa Kujitegemea Kwa Shemeji:
Sijaona aliyesema kwenu kuna posho. Swali moja tu mleta uzi, unaongea kwa niaba ya jamii, hiyo jamii ilikaa wapi ikakutuma?

Mvuvi wa Baridi:
Tuko kanisa moja wengi wetu. Wananijua.

Wakili wa Kujitegemea Kwa Shemeji:
Kujulikana sio kutumwa. Kikao cha bwawa kilikaa au hakikukaa?

Mvuvi wa Baridi:
Ok ngoja niseme vizuri maana naona mnazunguka. Yule dada alisema barua ya kuunga mkono leseni ikiwa na majina ya watu wengi inapata nguvu, na kwamba wao watatujengea gati la kuvulia lenye vyuma vya kushika, wazee na watoto wasiteleze. Mimi kanisani natunza makaratasi. Nilikuwa na orodha ya watu waliopokea makoti ya baridi, majina kama sitini na sahihi zao. Nikaambatanisha. Ni watu wale wale wanaovua pale, ningewauliza wangekubali, nani anakataa gati? Barua anayo dada, bado hajaipeleka.

Mtoto wa Kidatu:
Na kichwa cha karatasi si kimeandikwa makoti?

Mvuvi wa Baridi:
Kwenye fotokopi sehemu ya juu haikutokea.

Mtoto wa Kidatu:
Haikutokea au uliikunja?

Mvuvi wa Baridi:
Ilikunjika.

Bi Mkubwa wa Korogwe:
Astaghfirullah. Makoti ya sadaka!

Kapuku Mstaafu:
"Ilikunjika" 😂😂 naomba hiyo niitumie kwa mke wangu kwenye risiti.

Chai ya Rangi:
Wazee mnaliwa vichwa hapa, hii ni kamba. Bwawa lina leseni kama bodaboda? ID imefunguliwa juzi, mto hautaji, mji hautaji, na mkimbizi anaandika hivi? Huyu yupo Mbagala anasaka komenti. Kama ni kweli tuambie samaki gani wapo hapo na maji yanakuwaje.

Mwana Bukavu:
Leseni ya baraji ni kweli, miye niko Portland, Maine hii hii. Lakini na mimi nataka asikie hilo swali.

Mvuvi wa Baridi:
Mwezi wa tano wanapanda alewife toka baharini, weupe wa kung'aa, mgongo kama bluu, mkubwa anafika kama futi moja. Wakifika chini ya bwawa hawana pa kwenda, wanajazana pale kwenye maji yanayotoka kwenye mitambo mpaka maji yanaonekana meusi, na bass wa mistari wanakuja nyuma yao kuwala. Mitambo ikitaka kuwashwa kinalia king'ora, una dakika chache upande kwenye mwamba, maji yanafika kiunoni pale ulipokuwa umesimama na viatu vikavu. Ndoo yangu ilishaenda. Sasa sema niko Mbagala.

Chai ya Rangi:
Sawa umejitahidi.

Fundi Turbaini:
Mimi namwamini, na ndo maana nina hasira. Umeandika mwenyewe samaki hawana pa kwenda na maji yanapanda ghafla, halafu barua yako inaomba gati? Vitu vya kuomba ni ngazi ya samaki ya kuwavusha bwawa, kiwango cha chini cha maji kinachoachiwa, na jinsi mitambo inavyowashwa. Hata jimbo lina kauli, bila cheti chake cha ubora wa maji FERC hawatoi leseni. Na hilo gati, kama halimo kwenye masharti ya leseni ni maneno ya dada tu, akibadilisha kazi limeondoka naye. Kuhusu uraia, maoni yako hayana shida yoyote. Shida ni kupeleka kitu cha uongo kwa taasisi ya shirikisho huku unajua, hiyo ni jinai, mpaka miaka 5 jela. Mwandikie kwa maandishi arudishe karatasi kabla haijaingia kwenye faili, kisha andika maoni yako peke yako, hayo ya king'ora.

Mvuvi wa Baridi:
Nimekuelewa, ila nikiirudisha wataona tumegeuka na gati litaenda kwa watu wa mitumbwi wa ng'ambo ya mto. Nilikuwa nafikiria niache orodha halafu Jumapili niwatangazie, wasiotaka nawafuta.

Wakili wa Kujitegemea Kwa Shemeji:
Unaoa kwanza halafu unapeleka posa.

Mvuvi wa Baridi:
Nimempigia dada sasa hivi. Nimemuuliza gati limo kwenye maombi ya leseni? Kasema "liko kwenye mazungumzo". Nimemwambia asipeleke chochote mpaka nimwandikie. Kanyamaza kidogo halafu akasema atamuuliza bosi wake.

Fundi Turbaini:
Usimsubiri bosi. Andika leo.

Mwana Bukavu:
Ndugu, subiri kwanza. Hiyo kanisa ni ile ya matofali, karibu na duka la matairi? Mwezi wa kumi na moja nilitoka Portland nikakuja kuchukua koti ya mtoto hapo. Niliandika jina na sahihi.