Tupeane uzoefu: fujo za Agosti 2024 Uingereza zilikukuta wapi?

Wakuu salaam. Nawauliza mlioko Uingereza, hasa Waislamu na sisi weusi: zile fujo zilikukuta wapi, na nani alisimama nawe?

Tunakumbuka zilivyoanza. Tarehe 29 Julai watoto watatu wa kike walishambuliwa kwa kisu Southport, wakafariki. Uvumi ukaenea mtandaoni kwamba mhusika ni Mwislamu aliyeingia kwa boti kuomba hifadhi. Uongo mtupu, kijana alizaliwa Cardiff. Kesho yake msikiti wa Southport ukapigwa mawe, kisha fujo zikasambaa miji mingine.

Naanza mimi. Niko Hull, nafanya kea, yaani nazunguka nyumba za wazee kuwahudumia. Jumamosi tarehe 3 wahuni walivamia hoteli ya waomba hifadhi, wakapora maduka, wakashambulia gari lenye Waromania. Nikampigia meneja kumwambia naogopa kutoka. Akajibu: "Chukua teksi, nauli juu yako."

Ndani ya ile teksi nikavua mtandio, nikajifunika kofia ya jaketi, katikati ya kiangazi. Miaka kumi na moja nchini humu sikuwahi kuuvua nje. Bibi niliyekwenda kumuogesha, ana miaka 88, akanitazama kichwani akauliza, "Kitambaa chako kiko wapi leo?" Nikashindwa kujibu. Akanituma kabatini nitoe skafu yake ya buluu nijifunge. Ninayo hadi leo. Meneja hajawahi kuniuliza nilifikaje.

Wa Middlesbrough: Pole sana dada. Huku Jumapili yake wahuni walisimamisha magari, wanamuuliza dereva kama ni Mzungu, kama ni Mwingereza. Mimi ni dereva teksi, siku hiyo sikutoka. Usiku naangalia video, namwona abiria wangu wa kila Ijumaa katikati ya kundi. Nimembebea mizigo hadi mlangoni mara ngapi sijui. Sijamwambia mke wangu, maana anamfahamu mama yake.

Wa Walthamstow: Tarehe 7 tuliambiwa wahuni wanakuja kwetu, hapa London. Nikafunga duka mapema, nikawapeleka watoto kwa shangazi yao. Jioni nachungulia dirishani, barabara imejaa maelfu ya watu, Wazungu kwa weusi, wazee kwa vijana, wamekuja kutulinda. Nilishuka nikafungua duka, nikagawa maji yote. Nililia, wakuu.

Mleta mada: Asanteni. Ndugu wa Belfast, mliochomewa maduka, andikeni hata mistari miwili. Na wa Rotherham pia.