Ofa tatu za umeneja Tanga: ipi ina pesa kweli ukishakata kodi na kusoma mkataba?

Mlinganishi_Raskazone (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naweka hapa ofa tatu za nafasi za juu, zote mkoani kwetu, tuzipime kwa hesabu na si kwa macho. Majina ya waajiri nimeyaacha.

A. Meneja mkuu wa shamba la mkonge, upande wa Korogwe. Mshahara wa msingi 6,000,000 kwa mwezi, nyumba ya shamba, pikapu ya cc 2,800 iliyozidi miaka mitano. Ajira ya kudumu.

B. Meneja wa shughuli kwa mkandarasi wa huduma kule Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Ghafi 8,500,000: msingi 5,000,000 na posho 3,500,000. Mkataba wa miaka miwili, kiinua mgongo asilimia 25.

C. Mkuu wa uendeshaji, kampuni ya usafirishaji na uwakala wa forodha mjini. Msingi 7,000,000, hakuna nyumba wala gari. Bonasi "hadi asilimia 30 ya mshahara wa mwaka, kwa uamuzi wa bodi".

Wengi wakiona 8,500,000 hawasomi tena mstari unaofuata. Naomba wajuzi wa kodi, mikataba na mashamba waseme.

---

Bi_Hesabu

Wa alaykum salaam kaka. Tuanze na kinachoingia mkononi.

Kwa Tanzania Bara, kodi ya mshahara inaanza baada ya 270,000. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi 1,000,000 asilimia 25. Ukivuka milioni moja unalipa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kilichozidi. Mchango wako wa NSSF, asilimia 10, unatolewa kwanza ndipo kodi ikokotolewe.

Ofa C: 7,000,000 toa NSSF 700,000, inabaki 6,300,000. Kodi ni 128,000 + 1,590,000 = 1,718,000. Mkononi 4,582,000.

Ofa A: 6,000,000 toa 600,000, inabaki 5,400,000. Kodi 1,448,000. Mkononi 3,952,000, lakini nyumba na gari navyo vinatozwa kodi. Gari la cc kati ya 2,000 na 3,000 lililozidi miaka mitano linahesabiwa kuwa manufaa ya 500,000 kwa mwaka, kwa hiyo kodi yake ni 12,500 kwa mwezi. Lingekuwa jipya, thamani hiyo ingekuwa 1,000,000 kwa mwaka. Kwa nyumba, unalinganisha kodi ya pango ya soko na kile kikubwa kati ya asilimia 15 ya mapato yako na gharama aliyodai mwajiri. Kinachotozwa ni kidogo kati ya hivyo viwili. Tuseme nyumba ile ingepangishwa 400,000 sokoni: kodi ni 120,000. Basi A inabaki 3,819,500.

Ofa B: NSSF ikikatwa kwenye ghafi yote, mkononi ni 5,527,000. Ikikatwa kwenye msingi peke yake, ni 5,772,000. Usifurahie hizo 245,000 za tofauti, kwa sababu mwajiri naye anaokoa asilimia 10 ya posho zako, yaani 350,000 kila mwezi ambazo zingeingia kwenye akiba yako ya uzeeni. Muulize wazi: NSSF inakatwa kwenye kiasi gani?

Kuna kanuni moja ya kubeba mfukoni. Ukiwa juu ya milioni moja, laki moja na kidogo, na NSSF ikikatwa kwenye mshahara wote, mkononi = ghafi × 0.63 + 172,000. Ukitaka 4,500,000 mkononi, toa 172,000 halafu gawa kwa 0.63: unahitaji ghafi ya karibu 6,870,000. Maana yake kila 100 unayoongezewa, 63 tu ndizo zinafika kwako. Na kama bado una deni la Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya msingi inakatwa pia, kwa hiyo katika kila 100 iliyoongezwa kwenye msingi zinabaki 48.

---

Singa_Daraja_la_Kwanza

Ahsante dada kwa hesabu hiyo, ila naomba A isidharauliwe. Geuza kanuni yako upande wa pili. Mtu wa C akitaka nyumba ya 400,000, mwajiri inabidi amwongezee karibu 635,000 za ghafi ndipo zibaki 400,000. Wa A anaipata kwa kodi ya 120,000. Weka na gari hapo, mafuta, matengenezo, umeme, maji na mlinzi, kama vimeandikwa kwenye mkataba. Pengo la 762,500 kati ya A na C linaweza kuisha kabla ya tarehe kumi na tano.

Lakini neno "nyumba na gari" pekee halitoshi. Viandikwe: nani analipa umeme, lita ngapi za mafuta kwa mwezi, gari linaruhusiwa matumizi ya familia au ni la kazi tu. Watoto wakisoma Tanga mjini, kutoka Korogwe ni kama kilomita 100, na hapo ndipo lita zinapokwisha. Muhimu kuliko yote: ajira ikikoma, familia ina siku ngapi za kuhama? Ombeni 90. Mkataba ukiwa kimya, utaambiwa uhame siku unayokabidhi funguo za ofisi.

Jambo la pili ni vipimo. Mashamba mengi hupenda kumpima meneja kwa mapato ya mauzo. Huko ni kumtwika mtu bei ya singa (nyuzi za mkonge) ya soko la nje na thamani ya dola, vitu ambavyo hana mkono navyo. Meneja apimwe kwa anachokishika: gharama ya kuzalisha tani moja, siku ambazo korona (mashine ya kutoa singa kwenye majani) imesimama, hekta zilizopandwa upya, na kiwango cha singa kinachopatikana kwenye majani. Hicho cha mwisho ni kidogo kwa asili, takribani asilimia 4 ya uzito wa majani mabichi, kwa hiyo hata nusu asilimia ni mali nyingi. Visu vya korona vikiwa butu au maji yakipungua, singa nzuri inatoka na makapi. Meneja anayeshinda kwenye korona asubuhi analiona hilo kwa macho, na ndicho kipimo cha haki cha bonasi yake. Mkonge nao huchukua miaka kadhaa tangu kupandwa hadi kukatwa mara ya kwanza, hivyo bonasi ya mwaka mmoja peke yake inamsukuma meneja akate sana na asipande. Ombeni sehemu ya bonasi ifungwe kwenye upandaji wa miaka mitatu.

---

Mlinganishi_Raskazone

Shukrani sana. Kwa B, hicho kiinua mgongo cha asilimia 25 ni cha nini hasa? Barua ya ofa inasema "asilimia 25 ya mshahara" na kuishia hapo.

---

Bi_Hesabu

Hapo ndipo penye milioni 21. Asilimia 25 ya msingi kwa miezi 24 ni 30,000,000. Asilimia 25 ya ghafi ni 51,000,000. Zote kabla ya kodi. Neno "mshahara" likiachwa peke yake, mhasibu atalisoma kwa faida ya mwajiri.

---

Wakili_wa_Chumbageni

Ndugu zangu, mimi natazama mlango wa kutokea.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa kiwango cha chini tu. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28. Malipo ya kuachishwa kazi ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Kwa msingi wa 6,000,000 na wiki ya kazi ya siku sita, siku saba ni karibu 1,615,000. Aliyetumikia miaka kumi anapata karibu 16,150,000, yaani hata mishahara mitatu haifiki. Mtu wa ngazi ya juu huchukua miezi mingi kupata nafasi ya hadhi ileile. Kwa hiyo ombeni notisi ya miezi mitatu kwa pande zote mbili, na malipo ya miezi sita mwajiri akivunja ajira pasipo kosa lako.

Na tazameni inavyosemwa: "siku 7 za mshahara wa *msingi*". Ndiyo sababu B ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Msingi wake ni mdogo kuliko wa A na C, na msingi ndio shina. Malipo haya, kiinua mgongo na mara nyingi nyongeza ya mwaka huota hapo.

B ni mkataba wa muda maalumu. Ukifika tarehe yake unakufa wenyewe, na malipo ya kuachishwa hayapo. Kiinua mgongo ndicho fidia yake, basi kiandikwe kwamba mradi ukisitishwa mapema utalipwa kulingana na miezi uliyotumikia. Wakandarasi hupunguza watu ujenzi unapokamilika, na mji wetu ni wa waja leo waondoka leo. Mkataba usimwache mtu mikono mitupu mwezi wa 19.

Miezi sita ya kwanza iheshimuni. Mwenye chini ya miezi sita kazini hana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Mtu asiache ajira ya kudumu kwa ahadi ya mdomo. Akiachishwa na anaona ameonewa, anazo siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Barua za kubembelezana zinazila siku hizo bila mtu kujua.

Mwenye A na C aongeze kifungu cha kubadilika kwa umiliki. Hapa Tanga tumeona hisa kubwa za Tanga Cement zikitoka AfriSam kwenda Scancem mwaka 2023, kisha Amsons mwaka 2024. Mwenye mali mpya huja na menejimenti anayoitaka.

---

Meza_ya_Rasilimali_Watu

Upande wa pili wa meza: mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na zaidi hahesabu 6,000,000. Anaongeza NSSF asilimia 10, tozo ya ufundi stadi 3.5 na mfuko wa fidia 0.5. Kwake wewe ni 6,840,000. Ukiomba milioni moja zaidi anasikia 1,140,000, nawe unapata 630,000. Kwa hiyo nyumba, gari au siku za likizo hukubaliwa upesi kuliko fedha taslimu. Bima ya afya nayo haitozwi kodi ikiwa inatolewa kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi.

Wakati wa kuomba ni mmoja: barua ya ofa ikishatoka na kabla ya saini. Andika barua moja yenye maombi yote, lile kubwa likiwa juu. Anayeomba kidogokidogo kila baada ya siku mbili anachosha, na la tatu halisomwi. Ukiulizwa mshahara wa sasa, taja kiwango unachokitaka kwa nafasi mpya na ukieleze kwa majukumu: watu wangapi, bajeti kiasi gani, unaripoti kwa nani.

Kujua soko, soma taarifa za mwaka za kampuni zilizo Soko la Hisa la Dar es Salaam. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinazilazimisha kuonyesha jumla ya malipo ya viongozi wakuu. Gawa kwa idadi yao, utapata wastani wa kuanzia.

Kwa C: "hadi asilimia 30" ni 25,200,000 kwa juu kabisa, na inaweza kuwa sifuri. Ulizeni wenzenu walilipwa asilimia ngapi miaka mitatu iliyopita.

---

Mlinganishi_Raskazone

Wakili, nisaidie maneno ya kifungu cha bonasi ya C.

---

Wakili_wa_Chumbageni

Jaribu hivi, kisha wakili wako akipitie:

"Bonasi italipwa kwa vipimo vilivyoandikwa na kusainiwa na pande zote kabla ya tarehe 31 Januari ya kila mwaka. Vipimo vikifikiwa, malipo hayatapungua asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mwaka. Yatalipwa ndani ya siku 30 baada ya hesabu zilizokaguliwa kuidhinishwa. Mfanyakazi akiondoka kwa sababu isiyo utovu wa nidhamu, atalipwa kulingana na miezi aliyotumikia."

Sentensi ya mwisho usiiachie. Mwaka wa hesabu ukifungwa Desemba na bodi ikakaa Mei, anayeondoka Machi amefanya kazi ya mwaka mzima, na kampuni itamwambia hakuwepo siku ya malipo.